Nilizimia Nikiendesha Gari, na Jumamosi Familia Yangu Inanitegemea Niwazungushe Kenya

Admin, jina langu libaki kwako tu, kwa sababu mke wangu husoma hii page kila asubuhi akingoja chai ichemke.

Mimi ni baba wa miaka 43. Tunaishi Kiamunyi na niko na agrovet ndogo, duka la dawa na chakula cha mifugo, Nakuru mjini. Tuna mtoto mmoja, msichana wa miaka tisa, nitamwita Shiru. Mama yangu anaishi Subukia, ana miaka sabini na moja, na hajawahi kuona bahari.

Hiyo bahari ndiyo ilianzisha mambo yote. Mke wangu alimwahidi mama kwamba Desemba hii tutampeleka, na si kwenda na kurudi tu. Ameipanga hii safari kama mtu anapanga harusi. Amebandika karatasi kubwa ya manila kwa ukuta wa sitting room na kuchora njia yote na kalamu nyekundu. Tutoke Nakuru tuone maporomoko ya Nyahururu, Nanyuki tupige picha pale ikweta, tupitie Meru na Embu, tushuke hadi Mombasa tukae siku nne, halafu turudi na barabara ya Taveta ndio mama aone Kilimanjaro, kisha Narok, nyumbani. Wiki mbili na nusu barabarani. Dereva ni mmoja, ni mimi. Mke wangu hajui kuendesha.

Mwezi wa nane nilikuwa napeleka chakula ya ng'ombe Subukia. Shule zilikuwa zimefungwa, kwa hivyo Shiru alikuwa ameketi kando yangu. Tulikuwa tunateremka zile kona na alikuwa ananionyesha jino lake linalotingika. Kitu kingine nakumbuka ni yeye akilia, "Baba, Baba," na gari imepanda rundo la mchanga kando ya barabara, imeinama upande wa bonde. Nilikuwa nimeuma ulimi, damu imejaa mdomoni. Suruali yangu ilikuwa imelowa.

"Ulikuwa unatetemeka," akaniambia. "Macho yako yaligeuka. Nilikuita na hukuitika."

Nilimwambia ni usingizi tu. Halafu nikamwambia, "Tusimwambie mama yako, ataogopa bure. Hii ibaki yangu na yako." Akatingisha kichwa kukubali. Mtoto wa miaka tisa.

Nilienda kliniki moja mjini, peke yangu. Daktari aliponiuliza vizuri nilikubali kwamba ilikuwa imenipata mara ingine kabla ya hapo, nikiwa stoo ya duka. Akasema nipigwe picha ya kichwa, na mpaka wajue ni nini nisiguse usukani.

"Hata wa kwenda kazini?" nikamuuliza.

"Hata wa kutoa gari kwa geti," akasema.

Ile karatasi aliyoniandikia ya kupigwa picha nilikunja nikaiweka chini kabisa ya droo ya duka. Picha sijapigwa. Na gari nimeendelea kuendesha, polepole. Kila nikiona kope limecheza nafikiri imefika.

Naomba mnielewe kabla hamjaniangukia. Ndugu yangu mkubwa alikuwa na kifafa. Wageni wakija nyumbani alikuwa anafungiwa chumba cha nyuma. Kanisani watu walikuwa wanahama benchi yake. Siku tulimzika nilisikia jirani akisema afadhali mama yake sasa atapumzika. Nikifikiria mama yangu akisikia neno kifafa mara ya pili, likiwa langu, naifunga ile droo tena.

Tangu siku hiyo Shiru hataki gari. Mara tumbo, mara kichwa. Alipoambiwa tarehe ya safari alisema yeye atabaki kwa shangazi yake. Mke wangu anaona ni jeuri. Wiki jana mama alikuwa amekuja kutuonyesha nguo aliyoshonewa ya kuvaa baharini, na mke wangu akamfokea mtoto mbele yake.

"Shosho yako amengoja hii kitu maisha yake yote," alimwambia, "na wewe unataka kutuharibia. Shida yako ni nini?"

Shiru aliniangalia mimi. Alikuwa anangoja niongee. Niliangalia televisheni.

Jana jioni tulikuwa tunajaribu kupanga mizigo kwa gari tuone kama itatosha. Mke wangu aliingia ndani kuchukua blanketi. Shiru akaja mwenyewe, akafungua mlango wa mbele, akaketi.

"Nimekubali kuenda," akasema. "Lakini shosho akae nyuma na mama. Mimi nikae hapa."

Nilifurahi sana. Nikamuuliza kwa nini anataka mbele. Aliangalia mlango wa nyumba kwanza.

"Ukizima tena, nishike steering ama nivute handbrake? Nionyeshe sai, kabla mama arudi."

Nilimwonyesha. Nilichukua mkono wake nikauweka juu ya handbrake. Ni ngumu kwake, lazima avute na mikono yote mbili. Alivuta mara ya kwanza ikakataa, mara ya pili ikashika. Mke wangu akatokea na blanketi, akatupata hivyo, akacheka. Akasema anashukuru Mungu sisi wawili tumepatana.

Leo ni Jumatano. Jumamosi asubuhi tunaondoka. Nikimwambia mke wangu kuhusu ugonjwa, itabidi nimwambie pia kwamba mtoto aliyekuwa anamfokea alikuwa amebeba siri yangu. Wenye mmewahi kumwambia mke ama mzazi kitu kama hii, mlianza na maneno gani? Niandikieni leo, hata matusi nitayasoma.