Wasifu wa Shangazi Ernestina

Elihuruma angeweza kukutajia, bila kufungua kitabu, makanisa ya Dunwich yaliyomezwa na bahari. Dunwich ilikuwa bandari ya Waingereza wa zama za kati, tajiri wa samaki, hadi mwaka 1328 dhoruba ilipouziba mdomo wake kwa mchanga. Kisha mawimbi yakaendelea kuula mji mtaa kwa mtaa. Elihuruma aliandika tasnifu juu yake kwa miaka sita, na miaka yote hiyo aliishi nyumbani kwa Shangazi Ernestina, Maple Grove, jimbo la Minnesota huko Marekani, akila wali na maharage yake na kumsimulia habari za Dunwich kila jioni.

Hakuwa shangazi yake wa damu. Alikuwa mama wa Kinyakyusa aliyetunza wazee katika mji jirani wa Plymouth, na wanafunzi wa Kitanzania waliofika Minnesota bila pa kushukia walishukia kwake. Alirudi kutoka kazini miguu imevimba, akaketi, akasema, "Enhe, baba, tulikuwa tumefika wapi? Lile kanisa limeshaanguka?" Naye Elihuruma, bila haya, akaendelea pale alipoishia.

Februari 2017 moyo wa Shangazi ulisimama ghafla. Kwa kuwa hakuna mazishi ya Kitanzania bila wasifu wa marehemu kusomwa, kamati ya mazishi ilimgeukia Elihuruma. "Wewe umekaa naye, halafu ndiye mwanahistoria wetu," alisema Margaret, katibu wa kamati. Elihuruma akainamisha kichwa kwa unyenyekevu wa uongo. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji.

Asubuhi alifungua kompyuta, akaandika "Marehemu alizaliwa", akakwama. Wapi? Lini? Wazazi wake akina nani? Namba ya Mzee Gwakisa, kaka wa marehemu, alikuwa nayo. Mzee alikuwa Tukuyu akijiandaa kusafiri. Mara tatu aliishika simu, mara tatu akaiweka. Angemwambia nini? Kwamba amekula kwa dada yake miaka sita na hajui hata alikozaliwa? Aliona aibu. Kuuliza si ujinga, lakini msomi wetu alichagua kukisia. Mahali pa kuzaliwa akaweka Mbeya mjini. Na pale wasifu unapotakiwa kusema marehemu ameacha watoto wangapi, akaandika kwa Kiswahili kitamu: "Hakujaliwa mtoto wa kumzaa, watoto wake ni sisi." Aliipenda sana sentensi hiyo. Alilia kidogo akiisoma.

Kanisani aliisoma kwa sauti iliyotetemeka vizuri, akitegemea vilio. Hakulia mtu. Mzee Gwakisa, aliyeketi mbele akiwa ameinua simu ili walioko Tukuyu waione ibada, aliishusha taratibu, akaikumbatia kifuani na kuifunika kwa viganja, kama mtu anayemziba mtoto masikio.

Ibada ilipokwisha akamwita mlangoni. Hakugomba, na afadhali angegomba.

"Mwanangu, dada yangu ana binti. Mimi ndiye niliyemlea. Amenyimwa viza, alikuwa anatutazama humu. Amekusikia."

Elihuruma alitamani ardhi ipasuke immeze. Alianza kusema kwamba hakuambiwa, akayameza maneno. Hakuuliza. Kila Jumapili Shangazi aliingia chumbani na simu, akafunga mlango, na alichokumbuka yeye ni kwamba siku hizo chai ilichelewa.

Mzee akampa simu. Mwanamke aliyemo alikuwa Shangazi mtupu, ila kijana zaidi, na macho yamemwiva kwa kulia.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Ndiye wewe wa ule mji uliozama? Mama alikuwa ananisimulia. Hata yale makanisa alikuwa ananitajia, moja moja. Alikuwa anasema, mwombee kaka yako amalize kitabu chake. Nami nakuombea mpaka leo."

Elihuruma hakuweza kumtazama. Nje magari ya kwenda makaburini yalikuwa yameshawashwa, na waombolezaji walisimama mlangoni wakimsubiri.

"Nitausoma upya kaburini," alisema. "Mbele ya watu hawahawa. Nitawaambia nilikosea."

Akatoa kalamu, akaugeuza wasifu upande wa nyuma. Watu wote walikuwa wanamsikiliza.

"Samahani, dada yangu," akasema. "Unaitwa nani?"