Jenereta ya Kijiji na Mtihani wa Bibi

Mwaka ule kijiji chetu cha ujamaa, upande wa Bunda, kilipata jenereta ndogo ya petroli kwa ajili ya darasa la watu wazima. Aliyepelekwa Musoma kujifunza kuiendesha alikuwa mama mdogo, mdogo wake mama yangu. Watu walimcheka: "Mwanamke na mashine, wapi na wapi?" Naye alikuwaga na jibu, tena kwa sauti: "Mbona jiwe la kusagia mmeniachia?"

Mimi nilikuwa nasoma sekondari Musoma, lakini mbele ya watu ulimi wangu unaganda. Likizo ikifika nilimfuata tu, nikimtazama. Anaiweka jenereta mahali tambarare, anachomoa kijiti cha oili, anakifuta kwa kitambaa, anakirudisha, anakichomoa tena, ndipo anakisoma. Petroli hajazi mpaka mdomoni. Halafu anavuta ile kamba kwa mkono mzima, inanguruma, na mimi kifua kinanijaa kama nimeivuta mimi.

Sasa jioni ya mtihani wa kusoma, gari la mtahini lilikwama matopeni. Sisi tulishawasha taa kumsubiri. Alifika giza limeingia, na kesho yake alitakiwa Butiama. Asiyesoma jioni ile angengoja mwaka mwingine. Bibi yangu, mama yake mama mdogo, alikuwa wa mwisho kwenye benchi. Karabai ya kijiji ilikuwa mbovu, na kwa kibatari macho yake hayakuona herufi.

Mtihani ulikuwa haujaanza, manyunyu yakaanza. Mwenyekiti wa kijiji akaamuru jenereta iingizwe darasani. Kwetu chenye thamani kinalala ndani, hata ndama tunalala naye.

"Ndama wa kijiji anyeshewe?" akauliza.

"Ndugu Mwenyekiti, ndama huyu anajamba sumu," mama mdogo akasema. "Tukimfungia humu tutasinzia wote, na hakuna wa kutuamsha."

Darasa zima likaangua kicheko. Mwenyekiti hakucheka. "Basi kaa naye huko huko nje!"

Akakaa naye. Aliizima kwanza, tukang'oa bati la banda la mbuzi, tukaliegesha juu yake kwa miti, pande zote wazi, mbali na madirisha, moshi ukielekea kwenye shamba la pamba. Akafuta mikono mpaka ikakauka, ndipo akagusa waya. Taa ikawaka tena, na watu wakaanza kusoma mmoja mmoja.

Bibi aliposimama, taa ikacheza, ikazimika. Petroli ilikuwa imekwisha.

"Mimina haraka!" mwenyekiti akapiga kelele dirishani.

"Petroli juu ya injini ya moto? Ngojeni ipoe."

Nilisikia mtahini akifunga mkoba wake. Dereva akapiga honi. Nilitaka kumwambia asiondoke. Aliyesema ni bibi mwenyewe, gizani: "Keti, mwanangu. Wewe uji wa moto unaubugia?"

Benchi likalia. Mtahini alikuwa ameketi.

Nikatoka nje. Mama mdogo alikuwa amechuchumaa na tochi, kiganja karibu na injini, kama mtu anayemsikiliza mtoto mwenye homa. Honi ikalia tena, hakugeuka. Injini ilipopoa kweli, akamimina, akafuta matone, akafunga kifuniko, akanipa dumu nilipeleke mbali. Akavuta kamba.

Nilirudi darasani mbio. Bibi alikuwa ameshaweka kidole chini ya mstari.

"Ma-ji ya zi-wa hu-che-mshwa ka-bla ya ku-nywa." Akanyanyua uso, akaongeza: "Na jenereta hupoa kabla ya kunywa."

"Hilo halimo kitabuni, bibi," mtahini akasema.

"Limo uani."

Mtahini akacheka mpaka kalamu ikamwanguka. Akaiokota, akamwandikia kuwa amefaulu.