Neno Moja Limebaki kwenye Bango

Saa kumi na mbili asubuhi, Mzee Rangi yuko juu ya ngazi, anakwangua bango la zahanati. Chini ya bluu inatokea kijani. Chini ya kijani, nyekundu. Kila rangi ni mfadhili mmoja.

"Hawa walituletea amani," anasema, akigusa nyekundu kwa ncha ya kisu. "Hawa utulivu. Hawa wa bluu, uchumi. Mlango wa chumba cha kujifungulia hakuna aliyeukumbuka."

Ana miaka hamsini na minane, na kazi yake ni kuchora mabango. Tangu vita viishe, miaka kumi na minane sasa, hili analiandika mara ya nne. Zahanati yenyewe ina kuta, bati, na bomba lisilotoa hata tone. Fedha zilikuja, tena nyingi. Ziliishia kwenye magari, semina na hoteli za waliokuja kuuliza watu wanahitaji nini. Jibu walipewa kila mara: maji na mlango.

Leo kuna haraka. Kesho wageni wanakata utepe, na msimamizi wa mradi ameleta karatasi ya maneno ya kuandikwa. La mwisho ni IMEKAMILIKA.

Mzee Rangi anaandika yote, herufi zimenyooka kama zimechongwa. Akifika hapo, anashuka.

"Vipi, fundi?" msimamizi anauliza. "Mbona umeishia njiani?"

"Fungua bomba kwanza, bosi."

"Kazi yako rangi. Maji yanakuhusu nini?"

"Muulize huyo."

Ni binti yake, mjamzito wa miezi minane, amemletea chai. Mama yake alifia njiani na uchungu wa mtoto wa pili, akibebwa kwenda hospitali, mwendo wa saa tatu. Wakati huo bango lilikuwa la kijani.

"Andika, baba, tule," binti ananong'ona. "Watamleta mwingine."

"Wamlete. Mwandiko wangu mtaa mzima unaujua. Nimeshawadanganya mara tatu, mwanangu. Wewe sikudanganyi."

Msimamizi anafoka, anaapa kumnyima ujira wa siku tatu, anaondoka na simu sikioni. Mzee Rangi anafunika kopo la rangi nyeusi, analigonga kifuniko kikaze.

"Hii naiweka. Siku maji yatakapotoka, mlango ukawekwa, na mjukuu wangu akalia humo ndani, napanda ngazi siku hiyohiyo, naliandika neno lililobaki. Tena bure."