Kinyozi Aliyependa Vichwa vya Treni

Mume wangu alikuwa kinyozi, ila moyo wake ulikuwa relini. Kibanda chake kilitazamana na njia fupi ya reli iendayo kiwanda cha unga, na kila siku kichwa kidogo cha kijani kilipita hapo kikisukuma mabehewa. Hicho hakukijali. Lakini kikiharibika, stesheni ilituma chochote kilichokosa kazi, na hapo ndipo ungeona vituko: kichwa cha safari za mbali, kikubwa kama nyumba, kinahangaika na mabehewa mawili ya ngano! Kinyozi wangu alikuwa anaacha mkasi na kutoka mbio.

“Subiri kidogo, hiki hakijawahi kufika huku!”

Wateja walishazoea kubaki kitini na nywele za upande mmoja. Mimi nilimtania kwamba mimi ni mke mdogo, mkubwa yuko relini.

Kisha kiharusi kikampiga, kikamchukulia mkono wa kulia na ulimi. Daktari alisema tusichoke kumsemesha, maneno huenda yakarudi. Nikamsemesha mpaka koo likanikauka. Nikampa umbea wa mtaa mzima. Wajukuu wakamwimbia. Akawa anatutazama tu, machozi yakimlengalenga, nami nikakimbilia jikoni kulia. Ukimya ule niliuogopa kuliko kifo.

Jana asubuhi nilikuwa nampaka mafuta miguuni, karibu na dirisha linalotazama reli, honi ikalia. Nikachungulia. Mimi vichwa vya treni vyote naviona sawa, havijawahi kuniingia akilini.

“Kale kakijani kako hako, kanapita,” nikamwambia.

Akakunja uso. Akanivuta gauni, mdomo ukihangaika.

“Si... hicho.”

“Ni hicho hicho, kimepakwa rangi tu.” Mimi nikishabisha sirudi nyuma.

“Si hicho! Ma... magurudumu. Hesabu!”

Ndipo nikatambua nabishana na nani. Kopo la mafuta likaniponyoka. Nikaangua kilio magotini pake, naye akawa ananigonga bega kwa mkono mzima, akinielekeza nje, maana kitu chenyewe kilikuwa kinaondoka na mimi sikitazami.

Nikajifuta machozi, nikatazama. Kilikuwa chekundu, kirefu, hata mimi niliona si chenyewe.

“Mimi bado naona ni kale kadogo,” nikasema, nikavuta kigoda nikaketi, nisubiri kugombezwa.