Samaki Hupanda, Kahawa Hushuka: Kutoka Bukoba Hadi Muleba

Niliondoka Bukoba kwa sababu ya ubishi. Wateja waliokaa mbele ya cherehani yangu walikuwa wamegawanyika: nani hodari zaidi wa baiskeli, Abdala au Zakaria? Wote wawili baiskeli ndiyo iliyowalisha. Abdala, Mwislamu wa mjini, alipakia samaki Kemondo, kando ya ziwa, akawapandisha vijiji vya milimani. Zakaria, kijana wa Kilutheri kutoka Kamachumu, aliteremsha magunia ya kahawa kwa barabara hiyohiyo. Mnunuzi mmoja wa kahawa alipotangaza mashindano ya siku moja hadi Muleba, zawadi baiskeli mpya, nilifunga cherehani nikaenda kuwalinganisha kwa macho yangu. Mimi nilikuwa upande wa Zakaria.

Kwa Abdala haukuwa mchezo. Baiskeli aliyoitumia ilikuwa ya kaka yake, na kaka huyo alikuwa karibu kwenda Uganda kutafuta kazi, naye angeondoka nayo. Abdala asiposhinda, biashara yake ya samaki ingekwisha.

Alfajiri, Bukoba. Nilipewa nafasi katika lori lililobeba zawadi, na namshukuru dereva wake mpaka leo. Bwana Shauri, yule Mwingereza wa wilaya, alipunga leso, wakaondoka. Kabla ya kumaliza mlima wa kwanza, waendeshaji wengine wote walikuwa wamebaki nyuma ya vumbi letu.

Mteremko wa Kemondo. Hapa Zakaria alinifurahisha. Breki aliigusa penye kona tu, na mwili wake uliegemea kabla gurudumu halijageuka. Abdala alishuka taratibu, amelegeza mabega. Nikaelewa: Zakaria hushuka na magunia kila siku, hivyo mteremko ndio kazi yake, lakini kwa Abdala, anayerudi bila mzigo, mteremko ni mahali pa kupumzika.

Muhutwe, jua limeshapanda. Barabara ilipoanza kukwea, mambo yaligeuka. Zakaria alisimama juu ya pedali, usukani ukiyumba huku na huku. Abdala alikaa palepale kwenye tandiko, akikanyaga kwa mwendo uleule, kana kwamba kapu la samaki liko nyuma yake. Akamfikia.

"Abdala, samaki wako wanaoza!" Zakaria alimtania.

"Na kahawa yako imemwagika njiani, bwana. Rudi ukaiokote!"

Akampita.

Kupita Kagondo, mlima wa mwisho. Watu walijaa pande zote mbili. Mbele yao, karibu kabisa na barabara, alisimama mzee mwenye koti jeusi na fimbo. Alikuwa baba mkwe wa Abdala, ametoka shambani kuja kumtia moyo mkwewe. Hakufikiri jambo moja: Mhaya hampiti baba mkwe wake akiwa juu ya baiskeli. Hushuka, akapiga magoti, akamsalimu.

Abdala alimwona, akakamata breki. Mguu mmoja ukagusa chini.

Mzee akashtuka. Akageuka upesi, akajifunika koti kichwani. "Sipo!" alipiga kelele kutoka ndani ya koti. "Sipo hapa! Pita, mwanangu!"

"Mzee hayupo!" watu wakaitikia, wakicheka. "Abdala, panda! Hayupo!"

Lakini Zakaria alikuwa ameshapita.

Kuondoka upya katikati ya mlima si jambo dogo. Wengi husukuma mpaka juu. Ila wanunuzi wa samaki hawachagui penye tambarare. Humsimamisha Abdala popote, hasa mlimani. Alisukuma hatua chache, akarukia tandiko, akarudi kwenye mwendo wake uleule. Kileleni, penye kamba ya kumalizia ya Muleba, alimtangulia Zakaria kwa urefu wa gurudumu.

Jioni, Muleba. Tulilala kwa shangazi yake Zakaria, Mama Kokugonza, aliyetupa kahawa ya kutafuna, ile punje ya kumkaribisha mgeni, kabla hatujakaa vizuri. Sijasahau wema wake. Alimjazia Abdala ndizi na maharage kuliko sisi wote.

"Kula, mnyang'anyi wa baiskeli," alimwambia.

"Shangazi, mimi je?" Zakaria aliuliza.

"Wewe ngoja mashindano ya kuteremka."

Wenzangu mnaobishana mbele ya cherehani yangu, huyo mama amewajibu. Hakuna aliye hodari kila mahali. Mzigo wa kila mmoja ndio uliomfundisha. Lakini kuna jambo ambalo sikulitegemea. Nilikwenda kutazama miguu ya watu wawili, nikarudi nikimfikiria wa tatu, aliyekuwa tayari asiwepo.

Asubuhi, njia ya kurudi. Abdala alipanda baiskeli yake mpya, nami nikapewa ya kaka yake niirudishe Bukoba. Kwenye mlima ule mzee alikuwa amesimama palepale, safari hii bila kujifunika.

"Jana sikuwepo," alisema. "Leo nipo. Shuka."

Abdala akashuka, akailaza baiskeli mpya majanini, akapiga magoti. Nami nikashuka.