Dawa ya Kuku Ilivyofika kwa Kambamiti

Kambamiti sijawahi hata kuwaonja, lakini ni wao walionifanya nimwonee wivu mdogo wangu mpaka nikakosa usingizi. Yeye hufanya kazi kwenye mabwawa yao huko Pwani. Virusi vikiingia, kambamiti wanatoka madoa meupe mgongoni na bwawa zima linakwisha. Tiba hakuna. Tajiri wake akaanza kujaribu maji ya mimea, yanachanganywa kwenye chakula chao ili wawe na nguvu kabla ugonjwa haujafika. Ndipo mdogo wangu alipokumbuka kuku wa mama.

Huku kwetu Kilungu, mama ndiye daktari wa kuku. Kideri, ule ugonjwa unaomaliza kuku, kikisikika ng'ambo ya mlima, yeye ameshaloweka kiluma, ile shubiri ya miiba, pamoja na majani mengine ambayo hamtajii mtu. Mimi ndiye niliyebaki nyumbani naye. Nimetwanga, nimechota maji, nimewashika kuku wakinyweshwa. Nikiuliza jani hili ni la nini, alinijibu, "Twanga." Nilivumilia, kwa sababu dawa ya namna hiyo huachiwa mtoto mmoja, na huyo mmoja angekuwa nani kama si mimi?

Kisha simu zikaanza. Kila Jumapili baada ya kanisa, mama alikwenda nyuma ya jiko na simu, akaongea mpaka chai ikapoa. Nilisikia akitaja mizizi, akionya, "Usichemshe, utaiua." Yote niliyonyimwa yalikuwa yanateremshwa Pwani wakalishwe wadudu wa majini. Roho iliniuma kweli.

Krismasi mdogo wangu akaja. Nilichinja kuku, nikapika, mama akapakua. Firigisi, ambayo tangu baba atuache haikuliwa na mtu ila mama, ikawekwa kwenye sahani ya mgeni.

Tulipokuwa tukiosha vyombo nilishindwa kujizuia. "Umeshapewa kila kitu. Si uchukue ata hizo kuku uende nazo."

Aliweka sufuria chini. "Unajua mum huniita nani kwa simu?"

"Atakuita nani na si jina lako?"

"Huniita jina yako. Mara ya kwanza nilimwambia si wewe, akachanganyikiwa, akaanza kulia. Tangu hiyo siku mimi huitika tu. Ata hiyo firigisi ni yako. Alidhani anakupea."

"Na mimi hapa ananiona nani?"

Aliinua tena sufuria. "Anasema amepata msichana wa kazi. Anasema ni mzuri."

Nilichungulia nje. Mama alikuwa juani akipepeta pojo, ametulia kabisa.

"Sista, nitakufunza yote," mdogo wangu akasema. "Vile huongea na wewe kwa hiyo simu, ni kwa upole, sijawahi msikia hivyo."

Nilijua atanifunza, na kwamba sitasahau hata jani moja. Lakini upole ule mama aliutoa kwa ajili yangu, na aliyeusikia ni yeye. Hapo ndipo nilipomwonea wivu kuliko siku zote.