Kanuni Yangu ya Kuruka Mtaro

Jamani, hapa Kahama sina pa kuuficha uso. Jumamosi tulikaa barazani kucheza mchezo wa mezani tulioachiwa na mhandisi wa mgodi wa Mwadui: kila mtu ana shujaa wake, na dadu huamua kama akiruka atafika. Hesabu zikanichosha, nikatangaza kanuni rahisi: mtu huruka mtaro wenye upana sawa na kimo chake.

"Basi ruka wewe," mwenzetu Masanja akasema, akiuonyesha mtaro wa mbele ya nyumba.

Nikaruka. Nikazama kwenye tope hadi kiunoni.

Wenzangu wakacheka wakashindwa hata kusimama. Aliyenishika makwapani akanivuta ni mama mkwe, aliyekuwa anakuja kutusalimu. Na kwetu Wasukuma, mkwe haguswi!

"Shikamoo, mama," nikasema, nimelala miguuni pake.

Akajifunika khanga usoni. Suruali yangu ilikuwa imebaki mtaroni.